Babu Kobe Mwekundu

Binti wa fundi televisheni alikuwa amebakiza siku nne afanyiwe usaili wa kuingia chekechea, na nyekundu alikuwa akiiita kijani. Kijani akaiita nyekundu. Wala hakuwa anabahatisha. Alikuwa na uhakika nazo kama ulivyo na uhakika na jina la mama yako.

Nafasi zilizobaki shuleni zilikuwa tatu. Watoto walioandikishwa kwa usaili walikuwa kumi na mmoja. Maswali yenyewe kila mzazi mtaani alikuwa anayajua kwa kichwa: mtoto ataje jina lake, ahesabu mpaka kumi, ataje rangi nne. Basi. Anayekosa anasubiri mwaka mwingine, na nyumba ile haikuwa na mwaka mwingine wa kusubiri. Mama mtu alikuwa mshonaji katika kiwanda cha sare, anatoka alfajiri anarudi jioni, kwa hiyo mtoto alikuwa anashinda kibandani kwa baba yake, katikati ya nyaya na chuma cha kulehemu kinachotoa moshi. Mwezi uliopita alikishika. Kidole kilivimba kikawa kama cha mtu mzima. Mama akasema neno moja, na alikuwa mwanamke wa kulisema neno mara moja tu:

"Aende shule, au mimi niache kazi. Kibandani hakai mwaka mwingine."

Fundi alimjua mkewe. Akisema naacha, ameacha. Na yeye kwa kibanda chake peke yake angewalisha nini? Waya wa kuchemsha?

Mtoto mwenyewe walimwita Mkaguzi. Tangu ajue kutembea hakuwahi kupita kitu bila kukiinamia. Alikagua viatu vya wageni wakiwa bado wamevivaa. Alikagua sufuria kabla mama hajafunika. Na akishakagua anatoa ripoti, kwa sauti, hata kama hakuna aliyeiomba.

Jambo lilifumuka Jumatatu jioni, kwa sababu ya nyanya. Za kupika.

"Nenda kwa Mama Fungu," mama alimwambia, "akupe fungu moja la nyanya nyekundu. Nyekundu kabisa, nazikaanga sasa hivi."

Mama Fungu alikuwa jirani yao muuza mboga, meza yake iko hatua kumi kutoka mlangoni. Mtoto akaenda, akarudi na nyanya tano mbichi, ngumu kama mawe.

"Mwanangu, nimesema nyekundu."

Mkaguzi alizitazama nyanya, akamtazama mama yake kwa huruma, akaondoka tena. Mara hii alirudi na tano mbichi zaidi. Nyuma yake alikuja Mama Fungu mwenyewe, mikono kiunoni.

"Jirani, huyu mtoto kalala vizuri? Namwonyesha nyekundu, ananiambia, 'Hizo za kijani, mama kasema nyekundu.' Miaka kumi na miwili nauza nyanya! Leo nafundishwa nyanya na mtu ambaye hajaota magego!"

Fundi, aliyekuwa ameketi akivua viatu, alicheka. "Anakutania huyo."

"Ananitania nini? Kazibinya zote. Hizo hazirudi mezani kwangu, mtakula."

Fundi akaingiza mkono mfukoni. Mfuko wa fundi haukosi vipande vya waya. Akatoa cha kwanza.

"Mkaguzi, hii rangi gani?"

"Manjano."

"Haya. Na hii?"

"Buluu."

"Mnaona? Mtoto anajua. Na hii?" Akainua waya mwekundu.

"Kijani."

"Na hii?" Akainua wa kijani.

"Nyekundu, baba. Hujui?"

Kicheko cha Fundi kikakatika. Mama Fungu akajishika kidevu. Mama mtu akaweka mwiko chini taratibu, na mwanamke akiweka kitu chini taratibu, jiandae.

"Umemfundisha nini huko kibandani?"

"Mimi? Mimi sijamfundisha kitu!"

"Hilo nakubali," mkewe alisema.

Ukweli ni kwamba mwalimu alikuwepo. Aliitwa Babu Kobe. Alikuwa kobe wa katuni mwenye miwani na fimbo, anakuja kwenye televisheni kila siku saa tatu asubuhi, na saa nane mchana wanamrudia. Kwa miezi minane Mkaguzi aliketi kwenye mkeka nyuma ya kaunta akamtazama. Babu Kobe alimfundisha kuhesabu mpaka kumi, na kurudi kinyumenyume. Alimfundisha kunawa mikono, kusema tafadhali, kumpisha mkubwa. Fundi alikuwa anajigamba kwa wateja: "Mwalimu wangu mimi hali, halali, hadai mshahara." Yeye mwenyewe aliachia darasa la nne, akaingia kwenye kazi ya mikono. Kuona mtoto anafundishwa na kobe, bure, akiwa ameketi kivulini, kulimfurahisha kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Lakini hakuwahi kumtazama huyo kobe. Alimsikia tu. Watu wanadhani fundi televisheni anashinda akitazama televisheni. Si kweli. Fundi anaijua televisheni kwa nyuma. Yeye anakaa upande wa skrubu na vumbi, na picha wanaiona wengine.

Na kuhusu ufundi wake, jambo moja lazima lisemwe. Alikuwa hodari, ila katika miaka kumi na tisa hakuwahi kukosea. Televisheni ikirudi na ubovu uleule, alisema, "Ni umeme." Ikirudi na ubovu mpya, alisema, "Umeme huo, si nilikuambia?" Kuna mzee aliwahi kurudisha redio ya betri. Fundi aliigeuza, akaitikisa, akaiweka sikioni, kisha akatikisa kichwa kwa masikitiko: "Umeme."

Jumanne asubuhi hakufungua kibanda. Alimbeba mtoto mgongoni mpaka zahanati. Njia nzima mtoto alikuwa anamtajia rangi za dunia. Mti ule mwekundu, baba. Gari lile la kijani, baba. Gari lilikuwa la zimamoto.

Muuguzi alikuwa mama mtu mzima asiye na haraka. Alimwaga vifungo vya nguo mezani, vya kila rangi, akamwambia mtoto avipange kwa mafungu. Mkaguzi akavipanga upesi kuliko anavyokula, hakuchanganya hata kimoja. Vyekundu mahali pake, vya kijani mahali pake.

"Macho yake mazima," muuguzi alisema. "Mazima kuliko yako wewe. Anaona tofauti vizuri kabisa. Shida ni majina. Nani amemfundisha majina?"

"Televisheni."

"Ya nani?"

"Ipo kwangu kibandani."

"Rafiki yangu, unaniletea mtoto wa nini? Nenda kapime televisheni."

Fundi alirudi nusu akitembea nusu akikimbia. Ilikuwa inakaribia saa nane. Akafungua kibanda, akawasha televisheni, na kwa mara ya kwanza katika miezi minane akazunguka kaunta, akaketi mkekani karibu na mwanawe. Mwanawe akamsogezea nafasi, akamwonya kwamba wakati wa Babu Kobe hakuna kuongea.

Muziki ukalia. Kobe akaingia.

"Mimi ni Babu Kobe, gamba langu la kijani!" aliimba.

Gamba lake lilikuwa jekundu kama pilipili. Alikuwa anatembea juu ya nyasi nyekundu, chini ya miti myekundu, anaelekea kwenye nyanya za kijani. Anga lilikuwa buluu sawasawa. Jua manjano, sawasawa. Hapo ndipo Fundi alipoelewa kwa nini hakuna aliyeshtuka miezi yote hiyo: nusu ya rangi zilikuwa za kweli.

Akaelewa na lingine, lile ambalo hakutaka kulielewa. Televisheni ile ililetwa na dereva mmoja mwenye haraka, ikiwa imekufa. Dereva alisema atarudi Jumatano. Jumatano zikapita kama thelathini. Fundi alikuwa ameitia bodi, ile sahani ya ndani inayoendesha picha, aliyoitoa kwenye televisheni ya aina nyingine, na bodi ngeni inataka kuelekezwa kioo kinataka nini, la sivyo inachanganya rangi. Yeye alipoiwasha ilitoka skrini tupu ya buluu, inayosema hakuna mawimbi. Buluu nzuri, safi. Akasema imepona. Akachomeka antena, akaigeuzia mtoto, akarudi upande wake wa skrubu. Kosa lilikuwa lake, la mikono yake miwili.

"Ni umeme," alisema kwa sauti, bila kuulizwa na mtu.

"Shhh," Mkaguzi alisema.

Kuirekebisha hakukuchukua hata dakika kumi. Aliingia kwenye mipangilio iliyofichwa, akabadili namba mbili, na pale mbele ya macho ya mtoto Babu Kobe akaiva kinyume: kutoka wekundu akageuka kijani, yeye na nyasi zake na miti yake yote.

Fundi aligeuka akitabasamu, akingoja kupongezwa.

Mtoto alikuwa analia. Hakuwa analia kwa kelele. Machozi yalikuwa yanamtiririka tu, kama anayeangalia msiba.

"Umeiharibu," alisema.

"Nimeitengeneza, mama yangu."

"Umeiharibu! Babu Kobe ameoza!"

Kuanzia hapo kibanda kikawa hakikaliki. Jumatano aliingia mteja mwenye televisheni kubwa mpya kwapani, imeanguka kidogo tu. Kabla hajaitua, Mkaguzi alikuwa ameshatoka nyuma ya kaunta.

"Usimwachie."

"Kwa nini, mjukuu?"

"Anaharibu. Babu Kobe alikuwa mzima, kamchezea, sasa kaoza."

"Mtoto huyo," Fundi alisema, akijaribu kucheka. "Tuachie tu, mzee, kesho kutwa iko tayari."

Mzee alimtazama mtoto, akamtazama Fundi, akaikumbatia televisheni yake vizuri zaidi. "Nitapita baadaye," alisema. Kila mwenye duka anajua baadaye hiyo iko wapi.

Mafunzo hayakwenda mbele. Fundi alipanga mezani zile nyanya kumi za Mama Fungu zilizokataliwa, kwa vile chache zilishaanza kuiva, akaweka na jani moja kando, akashika nyanya iliyoiva.

"Sema: nyekundu."

"Kijani."

"Sikiliza neno lenyewe. Kijani. Jani. Kijani ni rangi ya jani. Jani hili hapa, liangalie."

"Jani jekundu."

"Jani haliwezi kuwa jekundu! Lingekuwa jekundu tungeita kila kitu... tungeita..." Akakwama. Ualimu si kazi ya kila mtu.

"Babu Kobe kasema," mtoto alimwambia kwa upole. "Alikuwa na gamba la kijani. Nililiona."

"Babu Kobe alikosea."

Hapo Mkaguzi aliinua uso kama mtu aliyesikia matusi.

"Babu Kobe hakosei. Wewe ndiye unakosea. Mama anasema kila siku."

Alhamisi jioni ikafika na usaili ni kesho yake asubuhi. Mama mtu alirudi kutoka kiwandani na nyuzi zimemganda kwenye nywele. Aliwakuta wawili wamekaa kwenye mkeka wa sebuleni wakitazamana kama majogoo, katikati yao nyanya na jani.

"Vipi?"

"Hataki," Fundi alisema. "Mbishi kama sijui nani."

"Mimi namjua. Umemwambia kwa nini kobe alikuwa mwekundu?"

"Nimemwambia ni umeme."

"Na yeye amesemaje?"

Mkaguzi akajibu mwenyewe. "Nimemuuliza umeme una brashi? Hajajibu."

Mkewe hakucheka. Alichuchumaa, akamsogelea mumewe sikioni, akazungumza kwa sauti ya chini.

"Mume wangu, sikiliza. Huyu mtoto miezi minane ana mtu mmoja tu wa kumwamini, naye ni kobe. Wewe unataka amuache mwalimu wake kwa sababu ya umeme? Mtu hamwachi mwalimu wake hivi hivi. Mwambie ukweli, kobe wake abaki na heshima. Sisi wengine tulishauzoea umeme wako."

Akaingia jikoni. Fundi akabaki na mtoto na zile nyanya.

Si rahisi kwa mtu wa umri ule. Kilichokuwa kooni mwake kilikuwa na miaka kumi na tisa. Alikohoa. Alijikuna shingo. Alirekebisha nyanya moja iliyokuwa imekaa vizuri.

"Mkaguzi. Babu Kobe hakukosea."

"Najua."

"Alikuwa anasema kweli siku zote. Gamba lake ni la kijani, na kijani ni hii hapa, ya jani. Ila televisheni ilikuwa inamwonyesha vibaya. Na televisheni... niliichomeka vibaya mimi. Nilitia kitu kisicho chake, halafu sikuangalia mbele. Nilikosea mimi. Baba."

Mtoto alimsogelea. Alimkagua uso, kuanzia paji mpaka kidevu.

"Siyo umeme?"

"Siyo umeme."

"Kwa hiyo Babu Kobe alikuwa anasema kijani, na wewe ukawa unampaka nyekundu?"

"Ndiyo."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama yangu."

"Maskini," Mkaguzi alisema, na haikujulikana ni nani anayehurumiwa. Kisha akaokota nyanya iliyoiva kuliko zote, akaigeuza. "Nyekundu," akasema, polepole, kama anaonja dawa. Akaliokota jani. "Kijani. Mmh. Haya."

Kumbe kilichokuwa kinangojwa ni hicho tu.

Ijumaa saa mbili walikuwa wameketi kwenye benchi nje ya ofisi ya Mwalimu Mkuu, Mkaguzi na gauni lake lililopigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Wakaitwa. Ofisi ilikuwa ndogo, na viti vyake vya watoto vilikuwa vifupi hivi kwamba Fundi alipoketi magoti yalimfika masikioni. Mwalimu Mkuu alikuwa mwanamke mwembamba, kalamu imechomekwa kwenye nywele.

"Shikamoo, mwalimu," Mkaguzi alisema.

"Marahaba. Nani kakufundisha adabu hivyo?"

"Babu Kobe."

Mwalimu akatabasamu. Fundi naye alikuwa anatabasamu, mpaka macho yake yalipoangukia mgongo wa kiti cha jirani. Palikuwa na nyota ndogo ya karatasi ya kung'aa, imebandikwa. Kiti kingine, nyota. Kabati, nyota. Mlango wa kabati, nyota. Na ukutani palikuwa na stendi ya chuma isiyobeba kitu, imeshika vumbi.

Nyota hiyo aliijua. Alikuwa ameitazama miezi minane, kwa sababu ilibandikwa nyuma ya televisheni ile ya dereva, upande wake wa skrubu, karibu na alama za vidole vidogo vilivyokuwa na kitu kinachonata.

Kwa hiyo mwenyewe ndiye huyu. Aliyeshika orodha ya nafasi tatu ndiye huyu huyu. Fundi akapiga hesabu haraka. Nikisema sasa, atakasirika, mtoto anaponzwa. Nikisema baadaye, nitaonekana mwizi. Nisiposema kabisa, nani atajua? Nyota zinauzwa kila mahali. Akaamua kutosema.

Mkaguzi akataja jina lake lote, mpaka la babu. Akahesabu mpaka kumi, kisha bila kuombwa akarudi kinyumenyume mpaka sifuri. Mwalimu akainua kadi ya manjano. Akajibu. Ya buluu. Akajibu. Ikaja nyekundu.

Mtoto alimgeukia baba yake. Baba akaikazia macho ile kadi.

"Nyekundu," alisema Mkaguzi.

Mwalimu akainua ya mwisho.

"Kijani. Lakini zamani hii ilikuwa nyekundu, na ile ilikuwa kijani."

Mwalimu akashusha kadi. "Zamani lini?"

"Wakati Babu Kobe alikuwa mwekundu."

"Babu Kobe ni wa kijani, binti yangu. Anaimba mwenyewe."

"Anaimba, ndiyo. Lakini baba alikuwa anampaka. Alichomeka vibaya. Siyo umeme." Wakati anaeleza alikuwa ameshashuka kitini, amepiga magoti, anakikagua kiti kwa nyuma. Kidole kikatua kwenye nyota. Kichwa kikainuka. "Baba! Ile televisheni yetu ina hii!"

Nje mtoto mmoja alikuwa anamlilia mama yake kwamba amesahau saba.

"Televisheni yenu ina nyota hii?" Mwalimu Mkuu aliuliza, lakini hakumuuliza mtoto.

Fundi akafungua mdomo. Majibu yalikuwepo, mengi, yamejipanga. Lakini Mkaguzi alikuwa amesimama pale, kidole juu ya nyota, anamtazama kwa yale macho mazima kuliko yake, anamkagua kuanzia paji mpaka kidevu.

"Ni yenu, mwalimu," Fundi alisema. "Aliileta dereva. Alisema atarudi Jumatano. Hakurudi, na mimi sikumtafuta mwenyewe. Mtoto alikuwa anaipenda, nami nikajifanya sijui. Miezi minane. Kosa langu."

Mwalimu aliitoa kalamu kwenye nywele, akaichomeka tena palepale.

"Yule dereva aliacha kazi wiki ileile. Tukampigia, akasema kaiacha kwa fundi mwenye sharubu. Nimezunguka mafundi mji mzima, hakuna asiye na sharubu!" Akavuta pumzi. "Watoto wangu hapa walikaa miezi minane wanachorewa Babu Kobe ubaoni. Na mimi sijui kuchora. Walikuwa wanasema ni kiazi."

"Nisamehe, mwalimu."

"Nitakusamehe Jumatatu, ikiwa ukutani. Na kuna redio tatu ndani ya kabati hilo, hazisemi kitu."

"Nitazichukua."

"Utazichukua na utazirudisha. Jumatano, lakini Jumatano ya kweli." Akaivuta orodha yake. "Mtoto amepita. Nilitaka rangi nne, amenipa na historia zake. Wewe bado nakufikiria."

Mkaguzi alikuwa amesikia yote, ila alikuwa bado hajatoa ripoti.

"Babu Kobe anahamia hapa?"

"Anahamia hapa," mwalimu alisema.

"Atakuwa wa kijani?"

"Wa kijani."

Mtoto alitafakari. Alitazama ile stendi tupu ukutani, akatazama kadi mezani.

"Sawa," alisema. "Atazoea."

Gharama zake zilikuwa hizi. Televisheni moja, imerudi kwa wenyewe, na mkekani nyuma ya kaunta hakuna anayeketi tena asubuhi. Redio tatu zilizotengenezwa bure. Asubuhi mbili kibanda kimefungwa. Nyanya kumi, saba kati yake mbichi, zilizopikwa zote na kuliwa zote na Fundi peke yake, kwa amri ya mkewe. Wateja wawili: yule mzee wa televisheni kubwa, na mama mmoja aliyerudisha pasi wiki iliyofuata, saa ambayo Mkaguzi alikuwa ametoka shule. Mama yule aliuliza kwa nini pasi haikupona. Fundi akaanza, "Ni um—", na kutoka chini ya kaunta sauti ikauliza: "Baba, ni umeme, au ni wewe?"

Na hilo neno lenyewe, lililomtumikia miaka kumi na tisa. Nalo limekwenda.